Kliniki, Uzazi na Kadi ya Kijani: Mjamzito Mhamiaji Anapolipiwa na Serikali Marekani

Miongoni mwa familia zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani kuna onyo linalopita kutoka simu moja hadi nyingine kwa kasi kuliko tangazo lolote la idara ya afya: mama mjamzito akikubali Medicaid, yaani bima ya afya ambayo serikali huwalipia watu wenye kipato kidogo, basi ajue kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, ameikosa. Onyo hilo hutolewa baada ya ibada, kwenye vikundi vya WhatsApp vya watu wa Bukavu, Mombasa au Mwanza, na hata na jamaa aliyetangulia kufika, ambaye hana nia mbaya hata kidogo. Matokeo yake ni kwamba mwanamke mwenye mimba ya miezi mitano hukaa nyumbani bila kupimwa damu wala shinikizo, akingoja uchungu uanze ndipo apelekwe hospitali. Kifafa cha mimba hakingoji uchungu. Kisukari cha mimba hakina dalili ambayo jirani anaweza kuiona. Ndiyo maana nimeona jambo hili listahili kuelezwa kwa utaratibu, kwa sababu sehemu kubwa ya hofu hiyo haina msingi katika sheria, na ile sehemu ndogo yenye msingi iko mahali ambapo watu wengi hawapatazami.

Ugumu unatokana na kuchanganywa kwa maswali matatu ambayo kila moja lina sheria yake na ofisi yake. Swali la kwanza ni kama mjamzito anastahili kupata bima hiyo. Hilo hutegemea jimbo analoishi na sheria za afya. La pili ni kama kuipokea bima kunaweza kutumiwa dhidi yake anapoomba viza au ukaazi wa kudumu. Hilo huamuliwa na maafisa wa uhamiaji au wa ubalozi, chini ya sheria nyingine kabisa. La tatu, ambalo limepata uzito mpya tangu 2025, ni nani anayeweza kuziona taarifa alizoandika kwenye fomu ya bima. Mtu anaposema "serikali itajua", huwa ameyafunga yote matatu katika furushi moja, na jibu la moja likitisha, yote hutisha. Nitaanza na la pili, kwa kuwa ndilo linalowanyima watu usingizi.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1882 ilitaka azuiwe bandarini mtu yeyote asiyeweza kujitunza bila kuwa mzigo kwa umma. Maneno hayo, mzigo kwa umma, yamebaki ndani ya sheria hadi leo, ingawa sheria yenyewe haijawahi kuyapa maana kamili. Inasema tu kwamba afisa aangalie umri wa mwombaji, afya yake, hali ya familia yake, mali na kipato chake, pamoja na elimu na ujuzi wake, kisha akadirie kama huko mbele mtu huyu ataelekea kuishi kwa kutegemea serikali. Kwa hiyo afisa hukisia yajayo, na katika kukisia huko hutakiwa kumtazama mtu mzima mzima, wala si karatasi moja ya bili. Kwa kuwa sheria iliacha pengo, kila serikali inayoingia madarakani hulijaza kwa miongozo na kanuni zake, na hapo ndipo mkanganyiko ulipozaliwa.

Mwezi Mei 1999, idara ya uhamiaji ya wakati huo ilitoa mwongozo kwa sababu ile ile inayonifanya niandike leo: wahamiaji walikuwa wakiacha matibabu waliyostahili kwa kuogopa makaratasi yao. Mwongozo ulisema kwamba mzigo kwa umma ni mtu anayeishi hasa kwa fedha taslimu za serikali, au anayetunzwa kwa muda mrefu katika taasisi kwa gharama za serikali, kama vile nyumba za kuwatunza wazee na wagonjwa wasiojiweza. Msimamo huo ndio uliogeuzwa kuwa kanuni kamili mnamo Septemba 2022, ikaanza kutumika tarehe 23 Desemba mwaka huo. Chini yake huhesabiwa mafao ya SSI wanayopewa wazee na walemavu maskini, fedha taslimu za mpango wa TANF kwa familia, fedha taslimu za kujikimu zinazotolewa na jimbo au mji, na utunzaji wa muda mrefu katika taasisi. Medicaid ya kliniki na ya kujifungua haihesabiwi. Bima ya watoto iitwayo CHIP haihesabiwi, wala msaada wa chakula. Na bima anayopewa mtoto mchanga ni ya mtoto. Mama hawezi kubandikiwa kana kwamba yeye ndiye aliyeipokea.

Inafaa tuisogelee fomu yenyewe, maana wengi wanaoiogopa hawajawahi kuishika. Anayeomba kadi ya kijani akiwa ndani ya Marekani hujaza Fomu I-485. Tangu kanuni ya 2022, sehemu inayohusu mzigo kwa umma humuuliza mwombaji kaya yake ina watu wangapi, kipato cha kaya kwa mwaka ni kiasi gani, ana mali na madeni ya thamani gani, amesoma hadi wapi na ana vyeti gani vya ufundi. Kisha huja maswali yanayogusa fedha za serikali moja kwa moja: kama amewahi kupokea msaada wa umma wa fedha taslimu kwa ajili ya kujikimu, na kama amewahi kukaa kwa muda mrefu katika taasisi kwa gharama za serikali. Mama aliyejifungua kwa upasuaji huko Louisville, akalala wodini siku nne, na bili yote ikalipwa na Medicaid, hujibu hapana kwa yote mawili, na jibu hilo ni kweli tupu. Wodi ya wazazi si taasisi ya utunzaji wa muda mrefu, na hakuna hata senti iliyopita mkononi mwake.

Tena kuna kundi kubwa ambalo mtihani huu hauligusi kabisa, nalo lina wazungumzaji wengi wa Kiswahili. Wakimbizi waliopewa makazi, pamoja na watu waliokubaliwa hifadhi, wamesamehewa na sheria yenyewe; wanapoomba kadi ya kijani hawapimwi kwa kigezo cha mzigo kwa umma. Katika mwaka wa fedha wa 2023 Wakongo ndio walioongoza kwa idadi ya wakimbizi walioingia Marekani, zaidi ya 18,000, na wengi wao walipitia kambi za Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya foleni ya mgao na ya zahanati. Msamaha huo ulitungwa na Kongresi, yaani bunge la Marekani, kwa hiyo hauwezi kufutwa kwa kanuni ya wizara. Wamesamehewa pia waathirika wa usafirishaji haramu wa binadamu wenye viza za T, waathirika wa uhalifu wenye viza za U, na wanawake wanaoomba ulinzi wao wenyewe kwa sababu ya kuteswa na waume zao. Mkimbizi kutoka Fizi au Uvira anayeikimbia kliniki kwa kuogopa mzigo kwa umma anakimbia mtihani ambao hajaandikishwa kuufanya.

Mwenye kadi ya kijani tayari hapimwi anapoihuisha kadi wala anapoomba uraia. Anachopaswa kukumbuka ni kwamba akikaa nje ya nchi kwa zaidi ya siku 180 mfululizo, anaporudi anaweza kuhesabiwa kama mtu anayeomba kuingia upya, na hapo swali hili linaweza kufufuka. Mama anayekwenda Kigoma au Kisumu ili alelewe uzazi na mamake mzazi, akakaa huko hadi mtoto aanze kutambaa, aihesabu miezi hiyo mapema.

Wanaobaki kupimwa, basi, ni wale wanaoomba ukaazi kupitia mume, mke au jamaa, kupitia mwajiri, au kupitia bahati nasibu ya viza. Kwa hao kuna tofauti moja inayosahaulika. Anayeombea ndani ya Marekani huhukumiwa na maafisa wa Wizara ya Usalama wa Ndani. Anayeombea Nairobi, Dar es Salaam au Kinshasa huhukumiwa na afisa wa ubalozi, ambaye yuko chini ya Wizara ya Mambo ya Nje na ana mwongozo wake. Mwongozo huo umewahi kukazwa peke yake, kama ilivyotokea Januari 2018, wakati ule wa ndani ya nchi ulikuwa bado haujabadilika. Mwanamke aliyepata matibabu ya umma akiwa Marekani, na ambaye sasa anatakiwa kusafiri kwenda kufanyiwa mahojiano ubalozini, ana sababu nzuri ya kuonana na wakili kabla hajapanda ndege.

Mtu ataniuliza: kama mambo ni mepesi hivyo, hofu yote hii imetoka wapi? Imetoka kwenye historia ya karibu sana. Mwaka 2018 serikali ilitangaza pendekezo la kuhesabu Medicaid ya watu wazima, msaada wa chakula na msaada wa kodi ya nyumba. Pendekezo likawa kanuni Agosti 2019, likaanza kutumika tarehe 24 Februari 2020, wiki chache tu kabla ya janga la korona kufunga nchi, na likaondolewa Machi 2021. Taasisi ya utafiti ya Urban Institute iliwahoji watu wa familia za wahamiaji mwishoni mwa 2018, kanuni ikiwa bado ni pendekezo tu, ikakuta kwamba takriban mtu mzima 1 katika kila 7 alisema yeye au mtu wa familia yake aliepuka msaada wa umma kwa kuogopa kuharibu maombi ya kadi ya kijani. Hofu ilifika kabla ya kanuni, ikabaki baada ya kanuni kuondoka. Na lililo muhimu zaidi kwa makala haya, jambo ambalo halikusambaa kwenye simu za watu, ni kwamba hata kanuni ile kali iliwaacha nje wajawazito: Medicaid aliyoipata mwanamke wakati wa mimba na ndani ya siku 60 baada ya mimba kwisha haikuhesabiwa, wala Medicaid ya dharura.

Sasa lipo pendekezo jipya. Tarehe 19 Novemba 2025 Wizara ya Usalama wa Ndani ilichapisha pendekezo la kuifuta kanuni ya 2022, bila kuweka orodha nyingine ya misaada inayohesabiwa na isiyohesabiwa, na hivyo kumwachia afisa uwanja mpana zaidi wa kuamua. Si haki kumficha msomaji jambo hilo, wala si haki kulikuza. Pendekezo hupitia hatua: huchapishwa, wananchi hutoa maoni, kisha wizara hutoa kanuni ya mwisho yenye tarehe ya kuanza, na mara nyingi kesi hufunguliwa mahakamani. Kwa hiyo kabla ya kutegemea aya zilizotangulia, mwombaji aulize kwanza kanuni gani inatumika siku anayopeleka fomu yake. Ninachoweza kusema kwa moyo mweupe ni kwamba mwaka 2020 misaada isiyokuwa ya fedha taslimu iliyopokewa kabla ya kanuni kuanza haikuhesabiwa, na kwamba katika kupima mambo mawili, hatari ya kukaa miezi 9 bila kupimwa ni ya hakika kuliko hatari ya afisa kuitazama vibaya bili ya uzazi iliyolipwa kihalali.

Turudi sasa kwenye swali la kwanza, la nani anastahili. Hapa ndipo nchi hii inapomchosha mtu, kwa sababu kila jimbo lina jibu lake. Medicaid si kitu cha aibu wala cha pembeni. Hulipia takriban vizazi 4 katika kila 10 nchini Marekani, na wengi wa kina mama hao ni raia. Kipato kinachoruhusiwa kwa mjamzito ni kikubwa kuliko cha mtu mzima wa kawaida katika majimbo mengi, na katika kuhesabu ukubwa wa kaya yake mtoto aliye tumboni naye huhesabiwa. Kwa mhamiaji, hata hivyo, kipato ni nusu tu ya hesabu.

Nusu nyingine ilitungwa katika sheria ya ustawi wa jamii iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton tarehe 22 Agosti 1996. Sheria hiyo iliwagawa wahamiaji kuwa wanaostahiki na wasiostahiki, na hata wengi wa wanaostahiki, wakiwemo wenye kadi ya kijani walioingia baada ya tarehe hiyo, wakatakiwa kungoja miaka 5 kabla ya kupata Medicaid. Chukua mfano wa mama aliyeshinda bahati nasibu ya viza kutoka Kenya au Kongo, akatua Columbus akiwa na mimba changa. Kumwambia angoje miaka 5 hakuna maana yoyote. Mimba ni miezi 9.

Kongresi ilikuja kuliona hilo. Sheria ya bima ya watoto ya Februari 2009, iliyotiwa saini na Rais Barack Obama, iliyapa majimbo hiari ya kuwaondolea ngojangoja hiyo wajawazito na watoto wanaoishi nchini kihalali, na majimbo mengi yameichukua. Hiari hiyo inaenda mbali kuliko kadi ya kijani: yaweza kumfikia hata mke wa mwanafunzi au mfanyakazi mwenye viza halali, mradi awe mkazi wa jimbo. Ndani yake pia kuna kifungu ambacho ningetamani kila mdhamini akijue. Anayemleta jamaa yake kwa kawaida husaini Fomu I-864, akiahidi kumtunza, na kwa misaada mingine serikali yaweza kumdai mdhamini fedha zilizotumika. Kwa wajawazito wanaohudumiwa chini ya hiari ya 2009, sheria imesema wazi kwamba hakuna deni litakalomwangukia mdhamini. Baba mkwe aliyesaini fomu hana sababu ya kumkataza mkwewe kliniki kwa kuogopa kudaiwa.

Njia nyingine ilifunguliwa mwaka 2002, nayo ilipitia mlango ambao wengi hawakuutarajia. Kanuni ya shirikisho ya mwaka huo iliruhusu jimbo limhesabu mtoto tangu kutungwa mimba hadi kuzaliwa kuwa ni mtoto anayeweza kupewa bima ya CHIP. Kisheria mwenye bima ni aliye tumboni, na kwa kuwa aliye tumboni hana hali ya uhamiaji, hali ya mamake haiwi kizuizi. Texas, ambayo sheria zake kwa wasio na makaratasi ni kali, huitumia njia hii. Kadhalika California, Illinois, Washington, Minnesota, Nebraska, Tennessee na Virginia, miongoni mwa majimbo mengine. Mwanamke hupimwa, hupigwa picha ya ultrasaundi, hupewa vidonge vya madini ya chuma, na haya yote huandikwa kwa jina la bima ya mtoto. Upungufu wake ulidhihirika mtoto alipozaliwa: kwa kuwa bima haikuwa ya mama, katika majimbo mengi mama aliyetoka jana na mshono wa upasuaji alijikuta hana bima ya kurudi kuutazamisha. Baadhi ya majimbo yameziba pengo hilo kwa fedha zake, na mama afanye bidii kuuliza. Kwa wanaopata Medicaid ya kawaida ya wajawazito, karibu majimbo yote sasa huendelea kuwalipia miezi 12 baada ya kujifungua, badala ya siku 60 za zamani.

Pale ambapo milango yote miwili imefungwa, hubaki Medicaid ya dharura. Hii hulipia uchungu na kujifungua, iwe kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji, kwa mwanamke ambaye kipato chake kinaruhusu lakini hali yake ya uhamiaji hairuhusu. Anayeomba ya dharura peke yake halazimiki kutoa nambari ya hifadhi ya jamii wala kuthibitisha hali yake ya uhamiaji. Mtoto anayezaliwa na mama aliyelipiwa hivyo huingia katika Medicaid moja kwa moja hadi atimize mwaka 1. Na hata asiye na bima yoyote hawezi kufukuzwa mlangoni akiwa na uchungu, kwa kuwa sheria ya 1986 inazitaka hospitali zenye kitengo cha dharura zinazopokea fedha za bima ya shirikisho ya wazee zimpime na kumhudumia kabla ya kuuliza nani atalipa. Kulipa ni suala jingine, lakini nalo lina nafuu yake: hospitali zisizo za faida zinatakiwa kisheria kuwa na sera ya maandishi ya kuwapunguzia au kuwasamehe bili wenye kipato kidogo, na mgonjwa ana haki ya kuiomba.

Majina nayo huwapoteza watu. Kadi ya mama wa Seattle imeandikwa Apple Health, ya Boston MassHealth, ya Milwaukee BadgerCare Plus, ya Los Angeles Medi-Cal, ya Portland katika jimbo la Maine MaineCare. Yote hayo ni Medicaid iliyovishwa jina la jimbo, na mtu anayesema "mimi sina Medicaid, nina MassHealth" anapaswa kulijua hilo anapoulizwa swali na wakili wake.

Kwa wakimbizi, hata hivyo, kuna tarehe ya kuitia alama kwenye kalenda. Sheria ya bajeti iliyotiwa saini na Rais Donald Trump tarehe 4 Julai 2025 inapunguza, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, makundi ya wahamiaji wanaoweza kulipiwa Medicaid na CHIP kwa fedha za shirikisho. Wenye kadi ya kijani wanabaki, pamoja na makundi machache mengine, lakini wakimbizi na waliopewa hifadhi, ambao tangu 1996 walikuwa wakiingia bila kungoja, wanaondolewa hadi watakapopata kadi hiyo. Nasema bila kusita kwamba ni pigo kwa watu ambao nchi hiyo hiyo iliwachagua na kuwaleta. Kilichosalia ni hiari ya 2009 kwa wajawazito na watoto, ambayo sheria mpya imeiacha, na bima ya aliye tumboni. Kwa hiyo mkimbizi mjamzito katika jimbo lililoichukua hiari hiyo bado ana njia, na katika jimbo ambalo halikuichukua itabidi atafute ile ya mtoto au ya dharura. Anayestahili kuomba kadi ya kijani, kwa kuwa mkimbizi huomba baada ya kukaa mwaka 1, ana sababu ya kutoliahirisha jambo hilo.

Swali la tatu ndilo ambalo siwezi kulijibu kwa kumtuliza msomaji tu. Mnamo Juni 2025 ilibainika kwamba wakala wa shirikisho unaosimamia Medicaid ulikuwa umeikabidhi Wizara ya Usalama wa Ndani taarifa za wanufaika wa majimbo kadhaa, yakiwemo California, Illinois na Washington. Mwezi uliofuata majimbo 20 yalifungua kesi, na tangu hapo mipaka ya taarifa zinazoweza kutolewa imekuwa ikichorwa na kuchorwa upya na mahakama. Hili ni tofauti na mzigo kwa umma. Mkimbizi, mwenye kadi ya kijani au aliyekwisha kupeleka maombi ya uhamiaji ameshaandika anwani yake kwenye faili za serikali, na fomu ya bima haiongezi kitu kikubwa. Kwa asiye na makaratasi kabisa, anwani iliyoandikwa kwenye fomu inaweza kuwa jambo zito, na huyo azungumze na shirika la msaada wa kisheria kabla ya kujaza. Wakati huo huo aendelee kwenda katika vituo vya afya vya jamii, ambavyo hutoza kulingana na kipato cha mtu. Na katika kaya yenye mchanganyiko, mume asiyeiombea nafsi yake bima halazimiki kueleza hali yake ya uhamiaji. Kinachoulizwa juu yake ni kipato.

Nilisema mwanzoni kwamba kuna sehemu ya hofu iliyo na msingi. Iko hapa. Anayeingia kwa viza ya matembezi yuko katika hali tofauti na wote niliowataja. Tangu tarehe 24 Januari 2020 afisa wa ubalozi anatakiwa kumnyima viza hiyo mtu ambaye anaamini lengo lake kuu la safari ni kuzaa ili mtoto apate uraia. Zaidi ya hapo, Medicaid ya kawaida ni ya wakazi wa jimbo. Mgeni akiandika kwenye fomu ya bima kwamba amekuja kuishi, maneno hayo yanapingana na aliyoapa ubalozini kwamba atarejea nyumbani, na anaporudi kuomba viza nyingine huweza kuulizwa nani aliyelipia uzazi. Aliyefikwa na uchungu wa ghafla kabla ya tarehe ya kurudi hana kosa, lakini atunze risiti, barua za hospitali na makubaliano ya malipo, kwa kuwa miaka mitatu baadaye hivyo ndivyo vitakavyomsemea mbele ya dirisha la ubalozi.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ndogo kwa umbo: ni kisanduku kimoja kwenye fomu. Mtu wa kujitolea, au jirani anayejua Kiingereza, anajaza fomu haraka haraka, anafika penye swali la uraia, na kwa kudhani anasaidia anatia alama ya ndiyo. Tangu tarehe 30 Septemba 1996, kudai uraia wa Marekani kwa uongo ili kupata msaada wa umma kunamfungia mtu mlango wa kadi ya kijani karibu moja kwa moja, bila msamaha wa kuomba katika hali nyingi. Medicaid iliyopokewa kwa haki haimfanyii mama hivyo. Alama hiyo moja yaweza kumfanyia. Kwa sababu hiyo, mama asitie saini fomu ambayo hajaielewa, wala asimtumie mwanawe wa miaka kumi na miwili kuwa mkalimani wake. Hospitali na ofisi zinazopokea fedha za shirikisho zinawajibika kumpa mkalimani wa Kiswahili bila malipo, mara nyingi kwa simu. Aseme tangu mwanzo kama anazungumza Kiswahili cha Kongo, ili apewe mtu wanayesikilizana, kisha asomewe fomu kisanduku kwa kisanduku, na anapofika kile cha uraia asimamishe mazungumzo mpaka aone kwa macho yake kilichoandikwa.